Tani zilizosomwa kwenye risiti: kisa cha NHS na kaboni ya manunuzi

Tarehe 1 Oktoba 2020, Huduma ya Taifa ya Afya ya England, NHS, ilitoa ahadi ambayo hakuna mfumo wa afya wa nchi yoyote uliokuwa umeitoa kabla yake: kufikia sifuri halisi ya hewa ukaa, yaani kutoongeza hewani zaidi ya kiasi kinachoondolewa. Ahadi hiyo ina sehemu mbili. Ya kwanza inahusu vitu ambavyo NHS inavidhibiti yenyewe, yaani nishati ya majengo, magari, gesi za nusukaputi, inhela za wagonjwa wa pumu na taka. Hivyo vifike sifuri mwaka 2040, baada ya kushuka kwa asilimia 80 kati ya 2028 na 2032. Sehemu ya pili inaongeza yote ambayo NHS inaweza kuyashawishi bila kuyamiliki, na ukomo wake ni 2045. Humo ndimo manunuzi yalimo.

Utafiti uliochapishwa Februari 2021 katika jarida la The Lancet Planetary Health ulikadiria kwamba mwaka 2019 NHS ya England ilisababisha takriban tani milioni 25 za gesijoto. Asilimia 62 ilitoka kwenye mnyororo wa ugavi. Utoaji wa huduma wenyewe, majengo yakiwemo, ulikuwa asilimia 24; safari za wafanyakazi, wagonjwa na wanaowatembelea, asilimia 10; huduma zilizonunuliwa kwa watoa huduma binafsi, asilimia 4. Kwa maneno mengine, tani zipatazo milioni 15 na nusu zilitoka kwenye viwanda, malori na mashamba ya watu wengine. Wahusika hawakushtuka. Hesabu ya kwanza ya aina hii, iliyotolewa 2008, ilikuwa imeshaonyesha kwamba karibu asilimia 60 ya uzito wote ni manunuzi.

Malengo, majengo na siasa zake vimeandikwa vya kutosha. Nitakachofuata hapa ni takwimu: shirika la umma linajuaje kwamba hewa ukaa ya vitu linavyonunua imepungua?

Pauni mara kizidisho

Tani hizo milioni 15 na nusu hazikupimwa kwenye bomba la moshi la kiwanda chochote. Zilitoka hasa kwenye leja. Unaangalia NHS imelipa kiasi gani kwa dawa, kiasi gani kwa vifaa tiba, ujenzi, chakula, kompyuta, washauri. Kila kundi la malipo linaoanishwa na sekta yake kwenye majedwali ya uchumi yanayoonyesha sekta ipi inanunua nini kutoka ipi, ndani na nje ya nchi. Majedwali hayo yakiunganishwa na uchafuzi wa kila sekta hutoa kizidisho, yaani kilo kadhaa za hewa ukaa kwa kila pauni. Unazidisha, unajumlisha. Kwa majengo, magari, gesi za nusukaputi na inhela watafiti walikuwa na vipimo halisi, wakavitumia. Kwingineko pauni ndizo zilizotawala.

Mbinu hii inatukanwa kuliko inavyostahili. NHS ina wagavi zaidi ya 80,000, na kusubiri kila mmoja apime bidhaa zake ni kusubiri milele. Leja ipo tayari, haiachi kitu nje, na inakuonyesha uzito umelala wapi: dawa na kemikali asilimia 20 ya alama yote ya kaboni (jumla ya gesijoto zote inazosababisha), vifaa tiba asilimia 10, chakula asilimia 6. Anayetaka kujua pa kuanzia hahitaji zaidi ya hapo. Kanuni za kimataifa za kuhesabu kaboni ya mnyororo wa ugavi, zilizotolewa na GHG Protocol mwaka 2011 na kufuatiwa na mwongozo wa 2013, zinaitambua kama mojawapo ya njia nne zinazokubalika, ingawa zinaiweka chini ya data inayotoka kwa mgavi mwenyewe.

Shida inaanza pale kipimo cha kuonyesha pa kuanzia kinapogeuzwa kuwa kipimo cha maendeleo.

Tuseme hospitali inanunua glavu za pauni 100,000 kwa mwaka. Afisa ununuzi anakaa na mgavi, anapunguziwa bei kwa asilimia 10. Glavu ni zilezile, idadi ileile, kiwanda kilekile. Kwenye hesabu, kaboni ya glavu imeshuka kwa asilimia 10. Mwaka wa pili anaamua kufanya jambo la maana: anahamia kwa kiwanda kinachotumia umeme wa jua, na bei ya huko iko juu kwa asilimia 15. Hesabu inamwadhibu kwa asilimia hizohizo 15. Tunapima uzito wa kikapu kwa kusoma risiti, na anayepata bei nzuri anaonekana kubeba mzigo mwepesi.

Mfumuko wa bei nao unafanya kazi yake. Bei zikipanda na vizidisho visirekebishwe, kaboni inapanda bila hata sindano moja kuongezeka. Unaweza kurekebisha kwa bei za mwaka mmoja, na watafiti makini hufanya hivyo, ila kiwango cha jumla cha mfumuko hakifanani na cha barakoa wakati wa janga wala cha dawa inayoishiwa hataza. Vizidisho vyenyewe huchelewa miaka kadhaa kwa sababu majedwali ya uchumi huchukua muda kukamilika. Tena vinaposhuka, mara nyingi ni kwa sababu gridi ya umeme ya nchi imekuwa safi zaidi, jambo ambalo afisa ununuzi hakuchangia lolote.

Na kuna tatizo la mezani, lisilovutia watu wa sera lakini linalokula muda wa mtafiti kuliko yote: kuweka malipo kwenye makundi. NHS ina mfumo wake wa misimbo ya bidhaa, lakini ankara hujazwa na watu walio na haraka. Ankara moja inaweza kubeba kitanda, usafirishaji wake na mkataba wa matengenezo wa miaka mitano, vyote chini ya msimbo mmoja wa samani. Lundo la "mengineyo" lipo katika kila leja niliyowahi kusikia habari zake. Ukibadilisha kanuni ya kuligawa lundo hilo, unaweza kusogeza kaboni kuliko mkataba wowote wa kijani wa mwaka huo.

Inhela mbili za bei moja

Sasa tuangalie mahali ambapo NHS haikuhitaji pauni. Inhela zilikuwa takriban asilimia 3 ya alama yote ya kaboni, nyingi mno kwa kifaa kinachotoshea mfukoni. Sababu ni gesi inayoisukuma dawa. Inhela za kupuliza za kawaida hutumia gesi za jamii ya HFC: moja huongeza joto la dunia zaidi ya mara 1,300 kuliko uzito uleule wa kaboni dioksidi, na nyingine zaidi ya mara 3,000. Inhela za unga hazina gesi kabisa. Mgonjwa huivuta dawa kwa pumzi yake mwenyewe.

Hata ndani ya zile za gesi kuna tofauti ambayo leja haiwezi kuiona. Inhela mbili za salbutamoli, dawa ileile, dozi ileile, pumzi 200 kila moja: chapa moja hubeba gesi nyingi na kufikia karibu kilo 28 za kaboni, nyingine chini ya nusu ya hizo. Bei zao hazipishani sana. Kwa mbinu ya pauni ni kitu kimoja. Daktari anayebadilisha chapa hii kwa ile hafanyi lolote mbele ya kizidisho, ilhali hewani amepunguza zaidi ya nusu.

Tofauti hiyo ilionekana kwa sababu England huchapisha takwimu za dawa zilizoandikwa na kila zahanati ya daktari wa familia, mwezi kwa mwezi, hadi kiwango cha chapa. Mtafiti anachukua idadi ya inhela, anaizidisha kwa gramu za gesi zilizomo, anapata tani. Zahanati inaweza kujilinganisha na jirani yake, na mwezi ujao ikaona kama imesogea. Mjadala uliofuata ulikuwa wa kitabibu, na ulistahili kuwa hivyo. Watoto wadogo na baadhi ya wazee hawana nguvu ya kuvuta unga, na kumbadilishia mgonjwa kifaa bila kumfundisha ni hatari. Kwa upande wangu ninachokipenda hapa ni kwamba ugomvi ulihamia kwa mgonjwa, mahali pake halisi, kwa kuwa hakuna aliyekuwa anabishania hesabu.

Kwenye vyumba vya upasuaji mambo yalikwenda kwa kasi zaidi. Desflureni ni gesi ya nusukaputi yenye nguvu ya kuongeza joto takriban mara 2,540 ya kaboni dioksidi. Sevoflureni, inayofanya kazi hiyohiyo kwa wagonjwa wengi, iko karibu na 130. Hesabu ya chupa moja inaweza kufanywa kwenye karatasi: mililita 240 zina uzito wa kama gramu 350, na gramu 350 mara 2,540 ni kilo 890 hivi. Karibu tani nzima kwenye chupa inayoshikika kwa mkono mmoja, na karibu yote hutoka na pumzi ya mgonjwa hadi hewani bila kubadilika.

Famasia ya hospitali inajua chupa ngapi zimetoka. Kwa hiyo mkataba wa kawaida wa NHS wa 2021/22 uliweza kuweka kikomo kinachokaguliwa: desflureni isizidi asilimia 10 ya ujazo wa gesi za aina hiyo. Mwaka uliofuata kikomo kikawa asilimia 5. Madaktari wa usingizi walikuwa wameshaanza kuiacha wenyewe, na Januari 2023, NHS ilipotangaza kwamba itaiondoa kwenye matumizi ya kawaida kufikia mwanzoni mwa 2024, sehemu yake ilikuwa imeshuka kutoka zaidi ya asilimia 20 hadi 3 katika miaka mitano. Uskoti iliitangulia England kuiondoa, Machi 2023. Umoja wa Ulaya umeizuia kuanzia 1 Januari 2026, isipokuwa pale tiba inapoihitaji kabisa.

Ila mfano unaonifurahisha kuliko yote ni wa nitrasi oksaidi, gesi ya kutuliza maumivu yenye nguvu takriban mara 270. Wataalamu wa hospitali za Uskoti, kuanzia Edinburgh, walilinganisha vitu viwili ambavyo kwa kawaida hukaa kwenye ofisi tofauti: mitungi iliyonunuliwa, na gesi iliyotumika kweli kwa wagonjwa. Pengo lilikuwa kubwa mno. Sehemu kubwa ya gesi iliyonunuliwa ilikuwa ikivuja kwenye mabomba ya hospitali au kuisha muda wake kabla ya kumfikia mgonjwa. Dawa yake ilikuwa kuzima mfumo wa mabomba na kutumia mitungi midogo ya kubebeka. Hakuna zabuni ya kijani iliyohitajika, wala mgavi wa kusukumwa. Rekodi ya ununuzi, ikisomwa kwa lita, ilitosha kufichua kwamba hospitali zilikuwa zinanunua hewa ya kupotea.

Wagavi 80,000 na karatasi zao

Gesi na inhela kwa pamoja ni asilimia 5 hivi ya alama yote ya kaboni. Bado kuna zile asilimia 62 za mnyororo wa ugavi, na huko NHS ilichagua njia ya zabuni. Septemba 2021 bodi yake iliidhinisha ramani ya wagavi. Kuanzia Aprili 2022, angalau asilimia 10 ya alama za zabuni ziende kwenye mazingira na manufaa ya jamii. Kuanzia Aprili 2023, mzabuni wa mkataba wa zaidi ya pauni milioni 5 kwa mwaka awe na mpango wa kupunguza kaboni. Mwaka uliofuata sharti likashuka hadi kwenye mikataba midogo, kwa kipimo chake. Kufikia Aprili 2027 kila mgavi aweke hadharani malengo na uzalishaji wake wa hewa ukaa katika wigo wote: wa 1, anaoutoa mwenyewe; wa 2, wa nishati anayonunua; na wa 3, wa mnyororo wake uliobaki. Mwaka 2028 zianze kudaiwa alama za kaboni za bidhaa mojamoja. Na kuanzia 2030 asiyeonyesha maendeleo asipate mkataba.

Mpango wa kupunguza kaboni haukubuniwa na NHS. Ulitoka kwenye waraka wa sera ya ununuzi wa serikali ya Uingereza, PPN 06/21, ulioanza kutumika 30 Septemba 2021 kwa wizara na wakala wake, na ambao tangu Februari 2025 unaitwa PPN 006. Waraka huo unamtaka mzabuni aahidi sifuri halisi kufikia 2050, na aripoti uzalishaji wa wigo wa 1, wa 2, na sehemu ya wigo wa 3. Sehemu ipi? Makundi matano kati ya 15: usafirishaji wa kuingiza, usafirishaji wa kutoa, taka, safari za kikazi, na safari za wafanyakazi kwenda kazini.

Bidhaa na huduma anazonunua mgavi hazimo katika orodha hiyo.

Kwa kampuni ya ushauri, makundi hayo matano yanafunika sehemu nzuri. Lakini mchukue mgavi anayeagiza glavu kutoka kiwanda cha ng'ambo na kuzihifadhi kwenye ghala karibu na London. Mpango wake utaeleza umeme wa ghala, mafuta ya magari na safari za wafanyakazi. Kiwanda chenyewe, mahali mpira unapochemshwa na kukaushwa, kipo nje ya karatasi. Anaweza kuweka paneli za jua juu ya ghala, akashusha namba zake kwa theluthi moja, akapita kwenye zabuni kihalali kabisa, na glavu zikabaki vilevile.

Tarehe nazo hazipatani: mgavi anaruhusiwa kuahidi 2050 wakati mnunuzi wake ameahidi 2045 kwa mnyororo uleule. Miaka mitano hiyo haina mwenyewe.

Kwa mtafiti wa takwimu kuna kero nyingine. Mpango ni sharti la kupita au kuanguka, haupewi alama kwa ubora. Ukishakuwa na saini ya mkurugenzi na vichwa vya habari vinavyotakiwa, umetosha. Hati huwekwa kwenye tovuti ya kila kampuni, nyingi kwa PDF, kila moja na mwaka wake wa msingi na mpaka wake wa kampuni. Kampuni tanzu inaripoti kwa jina la kampuni mama. Ukitaka kuunganisha mpango na mkataba, inabidi upite kwenye namba za usajili wa kampuni, na hapo ndipo leja za umma, ambazo mara nyingi huandika jina la mgavi bila namba yake, zinakukatisha tamaa. Serikali ilikusanya ahadi kwa maelfu, ikasahau kudai ziandikwe kwa namna ambayo kompyuta inaweza kuzisoma. Kosa hilo ni rahisi kuzuia siku ya kwanza na gharama kubwa kulirekebisha baadaye.

Asilimia 10 za alama za zabuni nazo zina udhaifu wa jamaa hiyohiyo. Kinachosahihishwa ni maelezo ya kile mzabuni atakachofanya. Timu ya tathmini husoma insha na kuzipa alama. Tani hazipo mezani. Baada ya mkataba kusainiwa, ufuatiliaji unabaki kwa msimamizi wa mkataba ambaye tayari ana ucheleweshaji, bei na malalamiko ya wodini.

Uholanzi ilianza tofauti. Tangu 2009, shirika la reli la ProRail limewapa wazabuni wanaosimamia kaboni yao vizuri punguzo la kubuni kwenye bei ya kulinganishia zabuni: bei wanayolipwa haiguswi, ila wanapopangwa kwa mfuatano wanasogea mbele. Rijkswaterstaat, wakala wa barabara na mifereji, huwapa wazabuni programu ya kukokotoa madhara ya vifaa vya ujenzi kwa maisha yake yote na kuyageuza kuwa euro. Tani za lami na saruji zinaingia kwenye ushindani wenyewe. Walipo Waholanzi ni mbele, sina shaka. Lakini barabara ni lami, zege, chuma na udongo. Hospitali inanunua mamia ya maelfu ya vitu, kuanzia mashine za kupigia picha hadi vijiti vya pamba. Kuidai NHS ifanye vile kwa kila kitu ni kuipa kazi isiyoisha.

Kwa hiyo sharti la 2028, la alama ya kaboni ya kila bidhaa, linanitia wasiwasi likisomwa kama lilivyoandikwa. Kiwango cha kimataifa cha kazi hiyo kipo, ISO 14067 cha mwaka 2018, lakini kinaacha maamuzi mengi kwa mpimaji: uhesabu umeme wa gridi au wa mkataba, ugawe vipi uchafuzi wa kiwanda kinachotoa bidhaa tatu, uishie langoni mwa kiwanda au kwenye jalala. Wagavi wawili wanaweza kufuata kiwango kilekile na kutoa namba zisizolinganishika. Bila kanuni moja kwa kila aina ya bidhaa, mnunuzi atapokea maelfu ya namba na hataweza kumpanga yeyote juu ya mwenzake.

Ningeanza na orodha fupi. Vitu 50 au 100 vyenye idadi kubwa na umbo linalofanana: glavu, gauni za upasuaji, maji ya dripu, nyama, dawa chache zinazoandikwa kwa mamilioni. Kwa vitu hivyo, leja ipate safu ya pili yenye idadi au uzito kando ya pauni, na mgavi aliyepima atumie kanuni moja iliyokubaliwa. Vingine vyote vibaki kwenye pauni kwa bei za mwaka mmoja, na ripoti ya mwaka iseme wazi tani zipi zimepimwa na zipi zimekisiwa. Asilimia iliyopimwa, ikipanda mwaka hadi mwaka, ingekuwa kipimo cha kwanza cha kazi ya kitengo cha ununuzi, kabla hata ya tani zenyewe kushuka.

Kuna fundo moja ambalo njia hiyo hailifungui. Mwaka wa msingi, 2019, umeandikwa kwa pauni. Mwaka 2030 ukiandikwa nusu kwa pauni na nusu kwa vipimo vya bidhaa, tofauti kati yake na 2019 itachanganya mambo mawili: upungufu wa kweli na mabadiliko ya rula. GHG Protocol inataka mwaka wa msingi ukokotolewe upya mbinu inapobadilika kwa kiasi kikubwa, na kwa hilo unahitaji kujua glavu ngapi zilinunuliwa 2019, na kutoka kiwanda gani. Rekodi hizo zimetawanyika kwenye mifumo ya hospitali mbalimbali, nyingine zikiwa zimeshabadilisha programu. Machi 2025 serikali ilitangaza kwamba NHS England, chombo cha juu kilichotoa ahadi na ramani yote hii, kitavunjwa na kazi zake kurudi wizarani. Hospitali zitabaki, sheria ya 2022 iliyozifunga kwa malengo ya tabianchi inabaki. Leja za 2019 zihamishwe sasa, pamoja na safu zake za idadi pale zilipo, wakati wanaojua misimbo yake bado wako kazini.